Marsela Aliyesweteka

Kila asubuhi Marsela aliamka ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya Ganako. Alichota maji, akafagia uwanja, akamtazama mdogo wake Piusi wakati mama akiwasha moto, kisha akakimbilia shuleni akiwa na sweta yake mwilini. Hakuwa na haja ya kuivaa, kwa sababu hakuwa ameivua. Alilala nayo na kuamka nayo.

Sweta ile alifumiwa na dada yake Bernadina kabla hajaolewa na kuhamia Mbulu. Ilikuwa ya kijani, ila mkono mmoja ulikuwa wa njano kwa kuwa nyuzi za kijani zilikwisha. Miaka ile ya themanini mwanzoni, nguo zilikuwa adimu madukani, na hata sabuni watu waliipangia foleni. Mwenye sweta aliitunza kama mboni ya jicho.

Siku moja Mwalimu Bartolomeo alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa darasa la tano jinsi kitenzi kinavyozaa kitenzi kingine: vunja, vunjika, soma, someka. Alipoomba mifano, Marsela alinyoosha mkono.

"Sweta, sweteka," alisema. "Mtu akisweteka, hawezi tena kuachana na sweta yake."

Darasa lilicheka, na mwalimu naye akacheka. Alisema neno hilo halimo katika kamusi, lakini limejengwa vizuri. Tangu siku ile mchezo ulienea. Patrisi, ambaye kaptula yake ilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chenyewe, alitangaza kwamba yeye amekaptulika. Mwingine aliyerithi fulana ya kaka yake akadai amefulanika. Naipanoi, rafiki aliyeketi dawati moja na Marsela, alikuja kila siku amejitanda shuka jekundu juu ya sare. Alipewa na mama yake huko Endulen alipokuja kuishi kwa mjomba wake Olais ili asome. Yeye alisema ameshukika. Patrisi akamwambia kwamba neno hilo ni la watu wanaoteremka mlima wa Rhotia, wakacheka mpaka kengele ikalia.

Mwezi wa saba baridi ilizidi, na upele ukaingia darasani. Watoto walijikuna katikati ya vidole, viwikoni na kiunoni. Nesi wa zahanati alikuja na dawa ya kupaka. Aliwaeleza kwamba upele huletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi na kujificha katika nguo na matandiko. Kila mtu apake dawa, na siku hiyohiyo nguo zake zote zichemshwe. Hata nguo moja ikibaki, ugonjwa unaweza kurudi.

Marsela alijua maji ya moto huifanya nini sufu kama ya sweta yake. Sweta ya jirani yao iliwahi kuchemshwa, ikatoka ndogo kama ya mtoto mchanga. Basi mama alipoziweka nguo katika sufuria kubwa, yeye aliificha ya kwake nyuma ya kihenge cha mahindi. Mama alipoiulizia, alijibu kwamba imo sufuriani pamoja na nyingine. Kesho yake aliivaa tena, akambeba Piusi mgongoni kama kawaida.

Naipanoi alilichemsha shuka lake. Rangi ilichuja, likapauka, wala hakulalamika.

Haukupita muda mrefu, mwasho ukarudi. Ulianza kwa Marsela, ukaenda kwa waliokaa karibu naye, kisha kwa Piusi. Wazazi walinung'unika, na mmoja wao akasema kwamba tatizo ni yule mtoto wa wafugaji na shuka lake. Maneno hayo yalifika darasani. Patrisi akawa anasema "nimeshukika" kila alipojikuna, na wenzake wakamwiga, mpaka hata watoto wa darasa la kwanza wakalijua neno hilo. Naipanoi aliacha kujitanda, akawa anatetemeka kwa baridi dawatini. Mwishowe mwalimu alimwambia abaki nyumbani hadi nesi atakaporudi. Naipanoi alikusanya madaftari yake, akamtazama Marsela, akaondoka.

Kuanzia hapo Marsela hakutulia. Akikaa, aliwashwa, akisimama, aliwashwa. Alianza kupukuchua mahindi akaacha, akaenda kuchota maji akarudi na ndoo nusu. Mchezo ule wa maneno aliuanzisha yeye, na sasa alikuwa akisikia unavyomchoma mwenzake. Alipoingia ndani alimkuta mama akimfunga Piusi vitambaa mikononi ili asijichubue. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Mama," alisema, "sweta sikuichemsha. Niliificha. Upele umerudi kwa sababu yangu, si kwa sababu ya Naipanoi."

Mama hakumpiga. Alimfunga Piusi mgongoni, akamwambia Marsela avue hiyo sweta na kuibeba, wakaenda zahanati. Nesi aliwasikiliza, kisha akamgeukia Marsela.

"Ungeniambia unaogopa itaharibika, ningekuonyesha njia nyingine siku ileile," alisema.

Alieleza kwamba vijidudu vile haviishi muda mrefu bila mwili wa mtu. Nguo ya sufu hufungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, ikaachwa juma zima bila kuguswa, navyo hufa. Marsela alitazama chini. Watu wote wale walikuwa wameteseka kwa jambo ambalo lingekwisha kwa kuuliza tu.

Hawakurudi nyumbani moja kwa moja. Mama alimpeleka hadi kwa Mzee Olais, na huko Marsela aliwaamkia wakubwa, akarudia kila kitu mbele yao. Naipanoi alimsikiliza hadi mwisho.

"Waliponicheka, ulikuwa umekaa pembeni yangu," alisema. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Nisamehe."

Naipanoi alimpa mgongo, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata mama alimweleza mwalimu ukweli, Naipanoi akaitwa arudi shuleni, na Marsela akasimama mbele ya darasa, akaeleza tena. Ilikuwa vigumu kuliko mara ya kwanza, maana Patrisi na wenzake walikuwa wakimkodolea macho. Mwalimu Bartolomeo alimwomba Naipanoi radhi mbele ya wanafunzi wote, kwa kuwa alimrudisha nyumbani bila kuchunguza. Patrisi naye alisimama bila kuambiwa, akaomba radhi. Watu walipaka dawa upya, nguo zikachemshwa, na ile ya sufu ikafungwa ndani ya mfuko. Safari hii upele uliondoka kabisa. Piusi akaanza kulala usingizi mzuri, na Naipanoi, aliyekuwa mchache wa maneno kwa siku kadhaa, akaanza tena kumsubiri Marsela njia panda ili waende shule pamoja.

Mwalimu alipoona darasa limepona, aliweka chaki chini.

"Kuipenda nguo yako si kosa," aliwaambia. "Lakini ukiwa na hofu, mwambie mkubwa mapema, kwa sababu huenda iko njia usiyoijua. Ukificha, mwingine ndiye atakayeumia. Na neno mlilotunga kwa kucheka, mkiona linamliza mwenzenu, liacheni siku hiyohiyo. Msingoje mwalimu awakataze, maana safari hii hata mwalimu alichelewa."