Kwanza Ondoa Lawama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kumimina maji kwenye sufuria ya wali iliyobaki na ukoko, na kuyachemsha mpaka yawe mekundu kama chai. Baba alikunywa kikombe kimoja akiwa amesimama, cha pili akiwa anafunga mkanda. Mwezi wa saba mjini kwetu Antsirabe, huku milimani, kuna baridi ya kuuma masikio, na bila yale maji ya ukoko hatoki mtu.

Baba alikuwa mvutaji wa posiposi. Aliingia kati ya mikono miwili mirefu ya kile kigari, akainua, abiria akakaa kitini nyuma yake, naye akakimbia peku mpaka sokoni au stesheni. Posiposi yake ilikuwa ya kijani, kama zote za tajiri aliyemkodisha, na wavutaji wa tajiri huyo waliazimana mara kwa mara. Nyuma ilikuwa na kibao cha namba kilichotolewa na chama cha wavutaji. Asiye na kibao haegeshi kituoni, na asiyeegesha kituoni hapati abiria.

Kwa kukimbia, baba hakuwa na mpinzani. Taabu yake ilikuwa kusema. Alikuwa na kigugumizi, na kwa kuwa watu wana haraka, walimmalizia maneno. Akianza "Ni-ni-ni...", mmoja anadakia, "Ninakwenda!" mwingine, "Ninataka!" Baba alitikisa kichwa, akanyamaza. Mimi sikuwa na kigugumizi, lakini nilinyamaza kuliko yeye. Darasani mwalimu akiita "Voahirana!" nilikuwa naitika kwa kichwa.

Jumanne moja nilipita kituoni nikienda shule. Kituo kiko juu ya mteremko wa soko, na kila mvutaji huweka jiwe chini ya gurudumu ili posiposi isiteremke. Bwana Solofo, rafiki wa baba aliyekodi kwa tajiri yuleyule, alikuwa amekaa ukingoni akitengeneza ndala yake ya tairi. Msumari ulikuwa umechomoka. Akatafuta cha kugongea, hakuona. Akainama, akachukua jiwe la chini ya gurudumu lake mwenyewe, akaanza kugonga.

Posiposi yake ikasogea kidogo. Kisha ikasogea tena. Nilifungua kinywa nimwambie. Sauti haikutoka.

Ikateremka. Chini pale alikuwepo Bi Ravao, muuza maziwa mgando, ametugeuzia mgongo huku akipanga mitungi yake. Baba, aliyekuwa amesimama katikati ya mteremko, aliiona posiposi, akairukia, akaishika mikono yake, ikamburura. Alichelewa kidogo tu. Gurudumu lilimpiga Bi Ravao mguuni, mitungi ikavunjika, maziwa yakatapakaa barabarani.

Watu walipogeuka, walimkuta baba katikati ya ile mikono miwili.

"Ratovo! Umemuua mama wa watu!"

"Si-si-siku..." baba alianza.

"Sikuona! Mnasikia? Anasema hakuona!"

"Ulikuwa unakimbilia wapi, wewe?"

Nilimtazama Bwana Solofo. Alikuwa bado ameshika jiwe. Akaliweka chini taratibu, akavaa ndala yake, akatazama pembeni.

Bi Ravao alipelekwa hospitali, mguu umevunjika. Bwana Tsilavo, kiongozi wa wavutaji, akaja na bisibisi, akaifuata posiposi ya baba kituoni, akafungua kibao chake mbele ya watu wote. "Jumapili baada ya kanisa tutakutana uwanjani," alisema. "Mpaka hapo usiegeshe. Na Jumapili tukiona kosa ni lako, usirudi kabisa."

Nilipotoka shule nilimweleza mama yote. Aliacha kuchambua mchele.

"Baba yako naye ameniambia hivyohivyo, ilimchukua saa nzima," alisema. "Lakini nani atatusikiliza, mwanangu? Mimi sikuwepo. Yeye ulimi wake ndio huo unaoujua. Na wewe ni mtoto. Tangu lini mtoto akasimama mbele ya wazee?"

Baba alikuwa amekaa mlangoni, miguu yake mikubwa imetulia. Sikuwahi kuiona miguu ya baba imetulia mchana.

Kesho yake, Mwalimu Lalao alikuja darasani na karatasi. Ijumaa kungekuwa na mashindano ya hotuba ya kimila, ile tunayoiita kabary, na darasa letu lilikuwa halijapata mtu. "Nani atasimama?" aliuliza.

Sijui mkono wangu ulinyanyukaje. Nadhani nilifikiri tu kwamba Ijumaa inatangulia Jumapili.

"Voahirana?" Tahina, aliyekaa nyuma yangu, aliangua kicheko. "Mwalimu, huyu atahutubia kwa kichwa! Ndiyo, hapana, ndiyo, hapana!" Darasa zima likatikisa vichwa.

"Nyamazeni," alisema Mwalimu Lalao, akaandika jina langu.

Siku mbili mfululizo nilibaki naye baada ya masomo. Hotuba ilikuwa ya kuwashukuru wageni, si ngumu. Lakini alinikazania mwanzo.

"Usianze na jambo lako," alisema. "Kwanza ondoa lawama. Omba radhi kwa wazee, kwa walio mashariki na walio magharibi, kwa kuwa umesimama wao wamekaa."

"Lakini sijakosa kitu, Mwalimu."

"Ni kweli. Ila umechukua nafasi ya watu wengine kusema. Unaomba radhi kwa hilo. Ukimaliza unauliza, 'Je, imeondoka?' Nao wanajibu, 'Imeondoka!' Wakishajibu hivyo, Voahirana, wamekukubalia. Hakuna wa kukukatiza tena, hata awe nani."

Nilikariri njiani, nikakariri huku nikiosha vyombo. Nyumbani baba alinisikiliza.

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa. Mwamuzi alikuwa Mzee Rainivo, anayeitwa kusema kila harusi ya mtaa wetu. Tulikuwa washindani saba. Mama alikuwa amenifunga shali ya bibi begani, kama wafanyavyo wasemaji. Jina langu likaitwa, nikapanda jukwaani, nikaona vichwa vingi kuliko nilivyodhani vipo mjini kwetu.

Magoti yakaanza kugongana. Nikasema kwa haraka, "Wageni wetu, asanteni kwa kuja!"

Ukumbi ukaguna. Nilikuwa nimesahau kuondoa lawama. Nilikuwa nimeingia kwa watu bila hodi.

"Huyu hana wazee kwao?" mtu alisema huko nyuma.

Nilisimama. Nilitaka jukwaa lipasuke linimeze. Mwalimu Lalao alikuwa ameshika mdomo. Sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nikaendelea, nikashukuru wageni wote mpaka wapishi, na nilipofika mwisho ndipo nikaomba radhi kwa wazee na kuuliza, "Je, imeondoka?"

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wanacheka mno.

"Amevaa viatu halafu ndiyo anavaa soksi!" alipiga kelele Tahina.

Nilikuwa wa saba kati ya saba. Nilijificha nyuma ya ukumbi, karibu na mapipa ya maji, nikalia kwenye shali ya bibi. Nilikuwa silii kwa ajili ya zawadi. Kama nimeshindwa kuwashukuru watu kwa wali na nyama, Jumapili ningesema nini?

Nikasikia fimbo inagonga sakafu. Alikuwa Mzee Rainivo.

"Binti, leo umeingia kwa dirisha ukatokea mlangoni," alisema.

"Nisamehe, babu."

"Hebu niambie. Walipokucheka, ulikufa?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Ulikimbia?"

"Hapana."

"Basi umepata kitu ambacho aliyeshinda hajakipata. Yeye bado hajui kama angechekwa ingekuwaje." Akafunga koti lake. "Na sauti yako ilifika mpaka mlango wa nyuma. Nilikuwa naiangalia inavyokwenda."

Jumapili, uwanja ulikuwa umejaa mapema. Bwana Tsilavo alikaa mezani, kibao cha baba kiko mbele yake. Mzee Rainivo alikaa na wazee wa mtaa. Bi Ravao aliletwa akiwa amebebwa, mguu umefungwa plasta nyeupe. Wavutaji walisimama pamoja, Bwana Solofo akiwa nyuma kabisa.

"Ratovo, sema," alisema Bwana Tsilavo.

Baba alisimama, kofia mkononi. "Po-po-posiposi i-i-ile si..."

"Sikuiona!" mtu alimalizia.

Baba alitikisa kichwa kwa nguvu. "Si-si-si ya..."

"Si yake, ni ya tajiri, tunajua! Na sisi wote tumekodi, mbona hatuvunji watu miguu?"

Watu wakacheka. Jasho lilimtoka baba na baridi yote ile. Alijaribu tena, wakamalizia tena. Kila neno walilomuwekea mdomoni lilikuwa la kumtia hatiani. Mwisho aliketi, akaikunja kofia yake mpaka ikawa ndogo kama leso. Mama alifunika uso.

"Kama hakuna mwingine," alisema Bwana Tsilavo, akishika kibao, "basi..."

Niliinama, nikanyoosha mkono wa kulia mbele kama mtu anayeomba kupita kati ya wakubwa, nikaenda mpaka katikati.

"Wee mtoto! Rudi kwa mama yako!"

"Hapa si shule, binti!"

Nilikuwa natetemeka vilevile kama Ijumaa. Magoti yaligongana vilevile. Tofauti ni kwamba sasa niliyajua. Nilijua yatagongana na mimi nitabaki nimesimama.

"Wazee wangu, naomba radhi," nilisema, nikautazama ule mti wa mwisho kabisa nyuma ya watu, ili sauti ifike. "Mimi si wa kwanza kuzaliwa hapa, ni wa mwisho. Sikusimama kwa kuwa nawazidi. Nimesimama kwa kuwa miguu yangu haijachoka kama yenu. Mlio mashariki, mlio magharibi, mlioketi na mliosimama, lawama ya mtoto kusema mbele ya wakubwa naiweka chini. Je, imeondoka?"

Nilihesabu pumzi zangu. Moja. Mbili.

"Imeondoka," alisema Mzee Rainivo.

Na kwa kuwa yeye amejibu, wazee wengine wakajibu, na kwa kuwa wazee wamejibu, uwanja mzima ukajibu: "Imeondoka!"

Bwana Tsilavo alikiweka kibao mezani.

"Jumanne nilipita kituoni," nilisema. "Posiposi iliyoteremka haikuwa inavutwa na mtu. Ilikuwa imeegeshwa. Jiwe lake lilitolewa, likatumika kugongea msumari wa ndala. Baba yangu aliikimbilia aizuie. Mlipogeuka mlimwona ameishika, mkadhani ndiye aliyekuja nayo. Mimi niliona inasogea, nikataka kupiga kelele, sikuweza. Bi Ravao, hilo ni kosa langu, naomba unisamehe. Jina la mwenye ndala sitalitaja. Mwenyewe yupo, na mdomo anao."

Sikujua kama nimesema vizuri. Niliona tu kwamba watu wanatazama miguu. Kila mvutaji alikuwa peku, kama kawaida yao, isipokuwa mmoja.

Bwana Solofo alitoka nyuma pole pole, ndala zake zikipiga chini. Alipofika mezani alizivua.

"Ni mimi," alisema. "Niliogopa. Kila siku nilisema nitakwenda kwa Ratovo, nikifika kona ya nyumba yake miguu inarudi. Nina watoto wanne, Bwana Tsilavo. Niliogopa."

Kelele zikalipuka. Bwana Tsilavo aligonga meza mpaka watu wakatulia. Akakichukua kibao, akamkabidhi baba kwa mikono miwili. "Tumekukosea," alisema. "Sasa sema wewe. Huyu Solofo tumfanye nini?"

Baba alisimama. "A-a-a..."

"Aondoke!" mtu alidakia.

"Ndiyo, aondoke!"

Mzee Rainivo aliinua fimbo yake juu. "Subirini," alisema. "Ngojeni mtu amalize."

Tukangoja. Ulikuwa muda mrefu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekohoa. Mishipa ya shingo ya baba ilisimama.

"A-a-a-abaki," alisema baba.

Ndivyo ilivyokuwa. Bwana Solofo alibaki, kwa sharti la kumvuta Bi Ravao kwa posiposi hospitali na sokoni kila siku mpaka mguu upone, na Bi Ravao akasema atapanda, ila jiwe atalishika yeye mwenyewe.

Watu walipoanza kutawanyika, Mzee Rainivo aliniita mbele ya baba na mama. Mwalimu Lalao naye alikuwepo.

"Wazazi wengi huniuliza, mtoto wangu akiingia mashindano ya hotuba atapata nini?" alisema. "Wanadhani nitasema zawadi. Zawadi hupata mmoja tu. Lakini kila anayesimama pale hujifunza kupanga mawazo, kuwaheshimu wanaomsikiliza, na kutetemeka bila kukimbia. Hayo hayapotei hata ukiwa wa mwisho. Siku moja ukweli utamhitaji mtu wa kuusema, na mtu huyo atakuwa wewe. Utasema kama umejizoeza. Na sisi tunaosikiliza," alimgeukia baba, "tujizoeze kungoja."

Jumatatu nilichemsha maji ya ukoko kama kawaida. Baba alikunywa vikombe vyake viwili, akaenda kufunga kibao chake.

Shuleni Tahina alinisubiri langoni. Alikuwa ameshasikia, maana mtaa wetu haufichi kitu.

"Eti," alisema, akichora chini kwa kidole cha mguu, "mwaka ujao utaandikisha jina tena?"

Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuinama. Nikakizuia.

"Ndiyo," nilisema.