Miguu Iliyonyamaza

Siku ya kliniki ya kisukari, foleni ya Sista Chapchap ilikuwa fupi kuliko zote. Si kwamba wagonjwa walikuwa wachache. Sista alikuwa mwepesi.

“Sukari imesomaje? Haya. Dawa unakunywa? Vizuri. Mwingine!”

Watu walimpenda, na ndio waliompa jina hilo. Alikuwa muuguzi wa miaka mingi, na kazi yake aliijua barabara.

Nyumbani aliishi na mumewe na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Naye pia alikuwa na kisukari, miaka nenda rudi. Kwa muda mrefu alilalamika kwamba nyayo zinamwaka moto, kama zimepakwa pilipili. Kisha moto ule ukazimika wenyewe.

“Miguu imetulia, mwanangu,” alisema siku moja akishona. “Haichomi tena.”

“Tushukuru Mungu, mama! Dawa imefanya kazi,” Sista alijibu.

“Sasa mama atatushinda mbio,” mume akatania. Nyumba nzima ikafurahi.

Baada ya muda, mganga mkuu wa kituo cha afya alimwita Sista. Alimtaka aende kwenye mafunzo ya kisukari.

“Mimi, mkuu? Nimezeekea kliniki hiyo. Peleka hawa vijana.”

“Elimu haina mwisho, Sista. Nenda.”

Akaenda, shingo upande.

Mkufunzi alikuwa daktari, mama mmoja mcheshi. Hakuanza na maneno ya vitabuni. “Wote vueni viatu,” alisema. Ukumbi ukaangua kicheko. Tabibu mmoja alikuwa na soksi iliyotoboka, na dole gumba linachungulia nje. Alitaniwa mpaka akaficha mguu chini ya kiti.

Mkufunzi akawaambia wafumbe macho. Kisha akawagusa nyayo, mmoja mmoja, kwa kipande cha uzi wa nailoni.

“Ukihisi, sema.”

“Nahisi!” alisema Sista.

“Wako wagonjwa wenu ambao hawatahisi,” mkufunzi akasema. “Sukari ikikaa juu miaka mingi, inaharibu mishipa ya fahamu. Mara nyingi miguu huanza kwa kuwaka moto. Baadaye inakufa ganzi. Mgonjwa anafurahi, anadhani amepona. Kumbe mguu umepoteza mlinzi wake. Anachomwa na mwiba, anaungua na maji, hajui. Kidonda kinaingia ndani, kinaoza, na mwisho mguu unakatwa. Wengi wangeokoka kama tungewavua viatu mapema.”

Sista akamkumbuka mama mkwe.

“Daktari,” aliuliza kwa sauti ndogo, “na kama muuguzi alifurahi pamoja na mgonjwa?”

“Basi akautazame mguu leo. Asingoje siku ya kliniki.”

Sista alifika nyumbani na mkoba bado begani.

“Mama, naomba nione miguu yako.”

“Miguu yangu? Mkwe wangu apige magoti anishike nyayo? Hata! Unataka kuniaibisha uzeeni?”

“Hakuna aibu, mama. Leo tumefundishwa jambo hili.”

“Leo? Na miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini?”

Swali lilikuwa la haki, nalo lilimchoma.

“Nilikuwa nakuuliza tu, mama. Sikuwa nakutazama.”

Mama mkwe alimwangalia usoni. Akaona machozi yanamlenga. Akavua kandambili.

Pini ya kushonea ilikuwa imepenya soli ya kandambili, ncha yake ikatokeza juu. Kwenye wayo palikuwa na tundu jekundu, linatoa usaha.

“Mama, hapa hapaumi?”

“Wapi?”

Sista akabonyeza pembeni ya kidonda. “Na hapa je?”

“Kwani umeshaanza?” mama mkwe aliuliza.

Sista akalia waziwazi. Aliogopa. Lakini hakuukanda mguu kwa maji ya moto, wala hakupaka dawa ya kubahatisha. Alifunika kidonda kwa kitambaa safi, wala hakumruhusu mama kukanyaga chini. Mume alimbeba mama yake mgongoni hadi barabarani, wakapata gari, wakaenda hospitali jioni ile ile.

Daktari wa zamu alisafisha kidonda na kupiga picha ya mfupa.

“Mfupa bado mzima,” alisema. “Mngengoja zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya kukata.”

Mama mkwe alipewa dawa ya kuua vijidudu, na dawa zake za sukari zikabadilishwa. Alikatazwa kuukanyagia mguu ule. Cherehani ikafunikwa shuka. Alinuna kama mtoto aliyenyimwa mchezo, lakini alitii. Kidonda kilichukua muda mrefu, kisha kikafunga.

Ganzi haikuondoka. “Mguu huu hausemi tena,” alisema. “Basi macho yangu yatausemea.” Sasa kila siku anatazama nyayo zake kwa kioo. Anakung'uta viatu kabla ya kuvaa. Hatembei peku, hata ndani ya nyumba.

Kituoni nako mambo yalibadilika. Sista aliwafundisha wenzake alichojifunza. Kila mgonjwa sasa anavua viatu, nyayo zinatazamwa na kupimwa kwa uzi. Wanapelekwa pia kupimwa macho na mkojo, maana kisukari huharibu macho na figo bila kupiga hodi.

Foleni ikarefuka. Watu wakanung'unika.

“Sista siku hizi anatuchelewesha,” mzee mmoja alilalamika akiwa benchini. “Mimi sina kidonda. Miguu yangu haiumi hata kidogo.”

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi hilo hilo, akingoja zamu yake kama wengine. Akainua mguu wake, akamwonyesha kovu.

“Hata huu haukuuma, baba. Nusura uzikwe kabla yangu.”

Mzee akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.