Inchi Nane na Nusu

"Vipimo vyangu vya zamani hivi hapa, fundi. Lakini nataka unipime upya."

Mteja aliweka kadi mezani, juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Ilikuwa kadi ya fundi mwenzangu, karatasi ngumu, maandishi ya kalamu ya bluu. Kifua thelathini na nane. Kiuno ishirini na saba. Nyonga arobaini na nne. Kiunoni hadi nyonga, nane na nusu.

Niliisoma mara mbili, kisha ya tatu. Namba zile nilizijua kwa moyo. Miezi mitano nilikuwa nalala nazo na kuamka nazo, kwa sababu aliyeniletea ni mchumba wangu.

Ngoja niwaambie kuhusu huyo mchumba. Ni dalali wa nyumba, ana mdomo wa kukuuzia chumba kisicho na dirisha ukamshukuru kwamba jua halitakusumbua. Aliponifuata alisema anapenda nilivyo, mwembamba, nimenyooka juu mpaka chini. Pete ilipoingia kidoleni, maneno yakaanza kugeuka kidogo kidogo, tena kwa utani. Mara gauni la harusi litashikiliwa na nini. Mara wageni watadhani anaoa mdogo wangu wa kiume. Mimi nacheka, roho inaniuma.

Siku moja akaja na karatasi ya namba, akasema amezitoa mtandaoni, ndilo umbo la bibi harusi wa siku hizi.

"Wewe si fundi?" aliniambia. "Nguo ikibana unaachia, ikipwaya unabana. Mwili nao ni hivyo hivyo."

Alinivisha kilemba cha ukoka, na mimi nikakivaa nikajitazama kwenye kioo.

Akanitafutia pa kwenda, chumba cha ghorofani juu ya duka la simu, kwa mwanamke anayeitwa Dokta ingawa cheti chake hakuna aliyewahi kukiona. Wiki tatu zilizopita nilichomwa sindano za kwanza za kukuza nyonga, kulia na kushoto. Tangu siku hiyo nilikuwa nashona nimekaa upande, maana kushoto kumekuwa kugumu kama ubao na kunawaka moto. Mchumba akasema ni kawaida, dawa inajipanga. Leo saa nane mchana alikuwa anakuja kunichukua kwa sindano za pili. Harusi ilikuwa imebakiza mwezi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, ujinga wa fundi hasa. Watu wa mtandaoni wanataja kifua, kiuno, nyonga, basi. Hakuna mwanamume anayeota mwanamke wa nane na nusu. Kiunoni hadi nyonga ni kipimo chetu sisi, cha kujua sketi ianze kupanuka wapi. Nilikiona kwenye karatasi ya mchumba wangu siku ile ile ya kwanza, na nikafurahi, nikasema moyoni kumbe mwenzangu ameanza kuielewa kazi yangu. Haikunijia hata kidogo kujiuliza ni fundi gani aliyeziandika namba zile, na alikuwa anampima nani.

Nilichukua tepu nikampima yule dada mwenye kadi. Kiuno kimeongezeka kidogo. Nikazungusha nyongani, tepu ikakataa kulala sawa. Nikaamua kupima nusu nusu kutoka uti wa mgongo. Kulia, ishirini na mbili. Kushoto, kumi na nane. Na pale kushoto, chini ya nguo, vidole vyangu viliingia kwenye shimo.

"Ulipata ajali, dada?"

"Sindano. Dawa ilihama, ikashuka pajani, ikaoza. Hospitali walikata walichoweza."

"Nani alikupeleka kwenye hizo sindano?"

Alinitazama kupitia kioo cha ukutani.

"Huyo anayekuja kukuchukua saa nane."

Nitasema ukweli, kwa dakika nzima nilimchukia yeye. Nilitaka kumtoa na kadi yake. Lakini mkono wangu ulikuwa bado uko nyongani kwake, na mkono haukuweza kubisha.

Akanisimulia akiwa amesimama, kwa sababu kukaa kunamuuma. Yeye na dalali walikuwa wachumba miaka miwili iliyopita. Baada ya sindano alipendeza miezi mitatu, na kadi ile ni ya miezi hiyo. Dalali aliiazima siku moja akamshoneshee gauni la sherehe, akairudisha, akawa anamtembeza mtaani kama gari jipya. Mwezi wa nne homa ikaanza. Hospitali alikwenda kumwona mara moja tu, akaishia mlangoni. Kisha akatuma ujumbe. Yule dada alikuwa bado anao, akanisogezea simu nisome:

"Samahani. Siwezi kukuangalia ukiwa hivyo. Naomba haya yabaki siri yetu."

Namba iliyotuma ilikuwa ile ile ninayoipigia kila asubuhi.

Wiki tatu zilizopita yule dada alirudi kwa Dokta kumwomba amwambie ni kitu gani alimchoma, maana madaktari wanamuuliza mpaka leo na hana jibu. Akiwa chini ya ngazi akatuona tunashuka, dalali kanishika mkono. Akaulizia duka langu. Juzi alimtuma mdogo wake alete kitambaa, na mimi mwenyewe, kwa kujishaua, nikamwambia huyo mdogo kwamba Ijumaa saa nane nafunga, mchumba ananipeleka mahali.

"Ningekuja na maneno," alisema, "ungesema ni wivu wa mwanamke aliyeachwa. Ndiyo maana nimekuja unipime."

Simu yangu ikalia. Ujumbe.

"Kipenzi, nipo njiani. Vaa kitu kilegevu."

Alifika saa nane kasoro, amenyoosha shati, ananukia vizuri. Alipomwona yule dada kando ya kioo, tabasamu lilimkauka, kisha akalirudisha kama mtu anayemwonyesha mpangaji nyumba yenye ufa.

"Huyu anatafuta nini hapa?"

"Alikuja kupimwa," nilisema. "Ulijua dawa ile ilimfanya nini?"

"Mpenzi, twende nje tuongee."

"Tuongelee hapa hapa. Ulijua?"

Akashusha pumzi.

"Kwake ilikuwa bahati mbaya. Dokta amebadilisha dawa, aliniahidi. Na wewe mwili wako imara."

"Alikuahidi lini?"

Akanyoosha ukosi wa shati. Dalali akikosa jibu la haraka, ujue nyumba si yake.

"Kabla hujaanza," alisema.

"Kwa hiyo mlikaa mkanijadili. Mkaona nijaribiwe mimi."

"Usilikuze jambo. Nilitaka upendeze tu."

"Nilivua nguo mbele ya mgeni mwenye sindano kwa sababu yako. Nilikuwa naogopa, ukanishika mkono ukaniambia hakuna aliyewahi kudhurika. Ulikuwa unamjua aliyedhurika. Ulilala naye."

Nilitegemea atalia, au atafoka, au atapiga magoti. Hata angenitukana ningejua nimemgusa. Yeye akatazama saa ya mkononi.

"Dokta anasubiri, tutachelewa. Haya tutayaongea tukirudi."

Nilimpenda mtu huyu, jamani. Nilikuwa nimeshamshonea koti lake la harusi kwa mkono, vifungo na yote, nikichagua uzi kama nachagua jina la mtoto. Na kumbe kwake nilikuwa kitambaa cha kujaribia mkasi. Hakuna sindano iliyowahi kuniuma kama kumwona anatazama saa.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Kachomwe."

Akamtazama yule dada, akanitazama mimi, akatoka. Nilisikia gari lake likiondoka. Hapo nikagundua nilikuwa na homa tangu asubuhi, nikijidanganya ni furaha ya harusi.

Yule dada ndiye aliyenifungia duka. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa, yenye madaktari wenye vyeti.

Daktari alinibonyeza, akanipiga picha ya ndani, akaniuliza nilichomwa nini. Nikasema sijui. Hakunifokea, na afadhali angefoka. Alinieleza taratibu kwamba usaha watautoa, lakini ile dawa imeshajichanganya na nyama, nyingine itabaki, nitazeeka nayo. Kushoto patakuwa na alama. Nitarudi kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, labda maisha yangu yote.

"Ungeongezwa nyingine leo," alisema, "sijui kama tungekuwa tunazungumza hivi."

Siku ya pili nilikuwa nimelala kifudifudi wodini, yule dada amesimama ubavuni kwangu. Kando ya kitanda kulikuwa na viti vitatu vitupu. Alivitazama, akanitazama, tukaanza kucheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuuliza kulikoni.

Mama aliingia tukiwa bado tunacheka. Nilikuwa nimemficha yote; yule dada ndiye aliyempigia simu. Alifunua shuka akaangalia bandeji, akafunika tena. Mama yangu ni mwembamba, amenyooka juu mpaka chini. Tukipita njiani watu hutujua kwa mgongo.

"Hizi nyonga nilikupa mimi," alisema. "Mama yangu alinipa mimi. Sasa mwanangu, ulipokuwa unazikataa, ulikuwa unamkataa nani?"

Kwa mchumba sikuwa nimelia. Hapo nililia mpaka mto ukalowa. Nilikuwa nimemtupia lawama zote dalali, na anazistahili, hata moja simpunguzii. Lakini ngazi zile nilizipanda kwa miguu yangu, na siku ile nilikuwa nauonea aibu mwili wa mama yangu. Nikamwomba radhi. Alinipangusa uso na upande wa kanga yake, akaniambia ninyamaze, nitajitonesha.

Simu ikatoa mlio. Sikuweza kuifikia, nikamwomba mama anisomee. Aliishika mbali na macho, akasoma polepole:

"Mpenzi wangu, nimefikiri sana. Rudi kwangu. Nimekukubali ulivyo."

Yule dada aligeukia dirishani. Mama akaweka kidole juu ya kioo cha simu.

"Nimjibu nini?"

Nikafikiria yule niliyekuwa miezi mitano nyuma, mzima, hana kovu hata moja, anasimama mbele ya mtu anayempenda akisubiri neno hilo hilo.

"Mwambie angemkubali yule wa zamani," nilisema. "Huyu wa sasa nitamkubali mwenyewe."

Mama aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akanisomea alichoandika, nikasema sawa, akatuma.