Kifundo cha Mwahija

Kila jioni baada ya vipindi, wasichana wa netiboli walikimbilia uwanjani, Mwahija akiwa mbele. Alikuwa mfungaji hodari, na hapo Mingoyo nani asiyemjua? Alikuwa Darasa la Saba, kwa hiyo mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake kuwania timu ya mkoa ya shule za msingi. Aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Lakini kifundo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimeteguka mara tatu. Kila mara Bibi Zuhura alikichua kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto. Baada ya siku kadhaa alikibonyeza kwa kidole gumba, na mjukuu asiposhtuka, Bibi alisema, "Alhamdulillahi, umepona. Kacheze." Mwahija alikwenda kucheza, na mguu ukateguka tena.

Safari ya tatu, Mwalimu Rosemary, mwalimu wa michezo, alimpandisha kwenye benchi. "Ruka, utue kwa mguu wa kushoto tu."

Mwahija akatua. Goti likaingia ndani, mguu ukatetemeka, akashika ukuta asianguke.

"Hauumi, mwalimu!" alijitetea.

"Sikuuliza kama unauma. Maumivu yameondoka, lakini mguu haujui tena kutua. Tutaufundisha upya."

Akampa mazoezi ya wiki sita. Kila asubuhi asimame kwa mguu mmoja, ajishushe taratibu goti likielekea vidoleni, kisha aruke na kutua bila kishindo. Rafiki yake Kidawa, mchezaji mwenzake, amhesabie na kuweka tiki daftarini.

Alifanya siku nne tu. Siku ya tano wavulana wakamwona. "Mcheki korongo! Leo kakosa samaki!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwahija aliona haya hadi machozi yakamlengalenga.

"Kidawa, we weka tiki tu," alinong'ona. "Kwani mguu unauma?"

"Mwalimu akijua je?"

"Nani atamwambia? Wewe?"

Kidawa akaweka tiki. Akaziweka hadi wiki sita zikaisha. Urafiki gani huo, jamani!

Siku ya mchujo wa timu ya mkoa, Mwalimu Rosemary alitaka kumpima tena, lakini mwamuzi alikwisha kuita timu. Akafungua daftari haraka. "Umefanya yote?"

"Yote, mwalimu."

Akamwamini.

Dakika ya sita, Mwahija aliruka kudaka pasi, akatua kwa mguu wa kushoto. Goti likaingia ndani vilevile. Loo, alivyolia! Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika, na hospitalini wakamfunga plasta. Kidawa aliingia kucheza nafasi yake, na Kidawa ndiye aliyechaguliwa. Alipokuja kuaga hakuthubutu kumtazama mwenzake usoni. Mwahija naye hakumtakia safari njema. Wivu ulimkaba, akajichukia kwa wivu huo.

Mwalimu alipokuja nyumbani kumjulia hali, Bibi akiwa pembeni, Mwahija alishindwa kuvumilia. "Mwalimu, tiki zile ni za uongo. Nilimlazimisha Kidawa."

Mwalimu akaketi kando yake. "Nami nimekosea, ningekupima kwanza. Ulinidanganya nikadanganyika. Lakini mguu wako hukuudanganya hata siku moja."

"Na mimi na kidole changu gumba?" Bibi aliuliza kwa huzuni.

"Wewe, Bibi, ulimpunguzia maumivu, Mungu akulipe. Lakini kutua hufunzwa kwa mazoezi."

Plasta ilipotolewa na daktari akaruhusu, Mwahija alirudi kwenye benchi, mbele ya wavulana walewale. Walicheka, hakuacha. Siku aliyotua bila kutetemeka, goti likiwa sawa juu ya vidole, mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebaki wiki moja.

"Sasa nimepona, mwalimu," alisema akilia. "Nitacheza wapi?"

Mwalimu Rosemary hakupamba maneno. "Mwaka huu, popote pale hutacheza. Nafasi ile imekwenda, mwanangu, na haitarudi. Mguu huu utakwenda nao sekondari. Ila jua hili: mazoezi ya mwili wako hakuna wa kukufanyia, na ukimdanganya anayekutibu, utakayeumia ni wewe."

Mwahija akafuta machozi, akapanda tena kwenye benchi.