Kaka Alinunua Dizeli, na Mimi Nilishapiga Hesabu za Petroli

Kaka yangu alinisaliti siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa nimekumbatia bonge la barafu kifuani kama mtoto mchanga.

Kwanza nilisikia mlio.

Ngurungurungurunguru...

Nikamwambia shangazi, "Kuna mtu anatuletea mashine ya kusaga nafaka."

Geti likafunguka. Ikaingia pikapu nyeupe, inatetemeka kuanzia bampa ya mbele mpaka kibao cha namba cha nyuma. Kwenye usukani, kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, kavaa miwani ya jua, anatabasamu kama bwana harusi.

Bonge likaniponyoka. Likapasukia miguuni.

"Kaka. Hiyo ni dizeli."

"Hii ni pikapu, mdogo wangu."

"Ni dizeli."

"Ina magurudumu manne. Nimehesabu mwenyewe."

Wadau, ili mjue kwa nini nilitaka kukaa chini nilie, ngoja niwarudishe nyuma wiki tatu. Sitawachosha. Uchovu nilionao unatutosha sote.

Sisi ni watu wa barafu. Shangazi ana chumba cha baridi nyuma ya nyumba. Maji tunayagandisha kwenye makopo marefu ya bati, asubuhi tunayatoa, tunayafunika kwa magunia, tunasambaza kwa wauza samaki na wauza juisi. Ametulea kwa barafu hiyo, mimi na kaka, tangu mimi sijui kujifunga viatu.

Pikapu yetu ya zamani ilikufa kifo cha heshima, yaani uzee. Shangazi akatoa akiba yake yote. Yote, jamani. Ingetosha gari moja tu, na tukikosea hakuna la pili.

Kazi ya utafiti nikapewa mimi, maana ndimi msomi wa ukoo. Nina cheti cha kidato cha nne na simu yenye bando.

Wiki mbili nikaandika kila safari tuliyofanya na gari la kukodi. Nikakuta safari yetu ndefu kuliko zote ni kilomita tatu. Vituo kumi na saba. Na kuna sheria moja ya watu wa barafu ambayo hamtaikuta kwa mtu mwingine. Dereva hazimi injini. Unashusha mzigo gari likiwaka, maana likigoma kuwaka, dakika ishirini baadaye unauza maji.

Nikawaweka mezani, kaka na shangazi.

"Dizeli inakunywa kidogo," kaka akaanza.

"Kwenye barabara ndefu. Sisi hatuna barabara, tuna vichochoro."

"Inavuta mzigo."

"Mzigo gani? Tunabeba maji yaliyonyamaza."

"Inadumu."

"Ikitunzwa. Nozo za dizeli zikiharibika, kwa pesa hiyohiyo petroli unaibadilishia plagi mpaka uote mvi. Halafu kununua kwenyewe dizeli ni ghali zaidi. Ile nafuu ya mafuta, kwa hivi vikilomita vyetu, itarudisha tofauti ya bei baada ya miaka tisa. Nimepiga."

"Umepiga na nani?"

"Na akili. Wewe huwezi kumfahamu, hamjawahi kukutana."

Shangazi alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia."

Kwetu, shangazi akisema amesikia, kikao kimefungwa. Nikaenda kulala nikijiona waziri wa uchukuzi.

Wiki moja baadaye kaka akapewa pesa akalete gari. Akarudi na mashine ya kusaga.

"Muuzaji alinipunguzia bei," akajitetea pale getini.

"Mtu akikupunguzia bei ya jeneza utanunua?"

Nikamgeukia shangazi. Nilingojea radi. Shangazi akaizunguka pikapu polepole, akagusa tairi kwa ncha ya kandambili, akasema, "Limeshafika. Wa kupakia apakie."

Basi. Hukumu nzima ndiyo hiyo.

Sikuongea na kaka siku mbili. Kwa wanaonijua, hiyo ni sawa na mfungo.

Wiki ya tatu, taa ya manjano ikawaka kwenye dashibodi. Tukaenda kwa fundi, yule tunayemwita Daktari kwa sababu akikuandikia vipuri vya kununua, hata yeye mwenyewe hawezi kusoma.

Akainama, akanusa ekzosi.

"Mnalitembeza kiasi gani?"

"Kilomita mbili, tatu."

"Halafu?"

"Halafu linasimama. Likiwaka."

Daktari akafuta mikono, akanitazama kwa huruma. "Kijana, gari hili lina chujio la masizi. Masizi yanaungua kwa moto wa safari. Nyinyi mnalitembeza kama mgonjwa koridoni, halafu mnaliacha linakohoa. Masizi yaende wapi?"

Nikamtazama kaka. Kaka akatazama dari. Karakana ile haina dari.

"Kila wiki," Daktari akasema, "litoeni barabara kuu. Dakika arobaini, mwendo wa maana, bila kusimama. Msipofanya hivyo, litawafia njiani."

Lilitufia njiani wiki hiyohiyo. Saa sita mchana, mabonge thelathini nyuma, jua limesimama utosini. Likakosa nguvu, likajikokota kama mtu aliyefiwa, likazima. Tulisukuma. Yaani mimi nilisukuma, kaka alishika usukani "ili lisipotee njia." Maji ya barafu yalinichuruzikia mgongoni mpaka kwenye soksi.

Muuza samaki mmoja, mama mwenye ulimi wake, akatupokea.

"Mmeniletea nini, wanangu?"

"Barafu, mama."

"Hii mvua?"

Siku ile tulipoteza nusu ya mzigo. Jioni nilikaa juu ya ndoo, miguu inauma, moyo unauma zaidi. Nilikuwa nimesema. Kuna uchovu wa mwili, huo unalala nao unaisha. Na kuna uchovu wa kuwa sahihi bila faida. Huo unaamka nao.

Tangu hapo kaka akajitolea. Kila Jumapili alitoka na pikapu peke yake asubuhi, kwenda kuchoma masizi.

"Nikusindikize?"

"Pumzika, mdogo wangu. Umesukuma sana."

Nikaona kaka ameanza kuwa na utu. Mjinga mimi.

Jumapili ya tano alirudi jioni, kama zile nyingine. Dakika arobaini zilikuwa zimezaa na kupata wajukuu. Nikashika mpira wa maji niioshe pikapu, nikakuta udongo mwekundu umeganda hadi juu ya matairi.

Barabara kuu ina lami, wadau. Lami haina udongo.

Nikachungulia kilomita. Kwa bahati nilikuwa nimeziandika Jumamosi, ugonjwa wa utafiti haujapona.

Mia tatu na kumi na nane.

Nikakaa kwenye kiti cha dereva, mpira unamwaga maji uani. Sasa kila kitu kikajipanga kichwani. Kaka ana biashara yake. Kaka anabeba mizigo ya watu mbali huko, na gari la shangazi, na sisi tunasukuma. Ndiyo maana alitaka dizeli. Mtu wa safari za kilomita mbili hanunui dizeli. Anayenunua dizeli ana mahali anakwenda.

Hapo tu ndipo nilipokuwa sahihi.

Nikamfuata shangazi chumba cha baridi. Alikuwa anafunga magunia.

"Shangazi, nina neno zito. Keti."

"Niketi juu ya barafu?"

"Kaka anatuibia gari. Jumapili hachomi masizi. Amekwenda kilomita mia tatu na kumi na nane."

Shangazi akaendelea kufunga gunia.

"Mia tatu na ishirini," akasema. "Kuna daraja limevunjika, siku nyingine anazunguka."

Wadau... nilihisi baridi, na si ya kile chumba.

"Unajua?"

"Mimi ndiye niliyemtuma. Na dizeli ni mimi niliyemwambia alete. Lilikuwa ghali zaidi, hakupunguziwa kitu. Maskini, kuongopa hajui, nilidhani utamkamata palepale getini."

"Lakini nilipiga hesabu, shangazi! Ulisema umesikia!"

"Nilisikia. Hesabu zako zilikuwa nzuri sana. Za biashara hii."

Akavua glavu. Sikumbuki kama niliwahi kumwona mikono bila glavu tukiwa mle ndani. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe kama nta. Akagonga kidole kwenye bati, ko ko ko.

"Hiki sikisikii. Na hiki. Daktari, yule wa kweli, aliniambia mwaka jana nitoke kwenye baridi au vidole vitangulie kutoka. Nikanunua shamba mwaka huohuo. Kaka yako ananijengea nyumba, kila Jumapili anapeleka mabati na saruji. Kilomita mia moja na hamsini na tisa kwenda, milima na tope. Mazao yatashuka kwa njia hiyohiyo. Pesa ilikuwa ya gari moja, baba. Ningenunua la hapa au la kule?"

Nikamuuliza swali ambalo bado linanichoma hata kulitaja.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Akanitazama kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa mkali.

"Ningekuambia Jumatatu, Jumanne mama wa samaki angejua. Jumatano wangehamia kwa jirani, wakisema bibi barafu anafunga. Na mimi sifungi. Chumba nakuachia wewe. Ilibidi niwaone wateja mmoja mmoja, wakukubali kabla hawajasikia kwa mdomo wako. Jana nimemaliza wa kumi na saba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa wizi. Kwa zawadi sikuwa nimejiandaa.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

"Miezi miwili umeniita mwizi wa akiba," akasema. "Kwa sauti, mbele ya Daktari. Nikanyamaza."

"Ungesema, kaka."

"Nilikatazwa. Mimi nikikatazwa, naelewa." Akapiga miayo. "Kesho zamu ya kusukuma ni yangu."

Shangazi na kaka walihamia shamba mwezi uliofuata. Vitanda, masanduku, shangazi kiti cha mbele na glavu mpya za sufi. Pikapu ikapanda kilima cha mwisho wa mtaa na mzigo wote ule kama inakwenda dukani. Nilisimama getini nikiitazama. Gari bovu nililolitukana miezi mitatu halikuwa bovu hata siku moja. Lilikuwa linangoja barabara yake.

Miezi kumi sasa nasambaza kwa mkokoteni. Kwa mara ya kwanza maishani nimekaa na habari kifuani muda mrefu hivyo. Leo nimeandika kwa sababu shangazi kaniruhusu, kwa masharti kwamba nisitaje jina la mtu. Nimetii.

Fundisho langu ni dogo, mlichukue au mliache. Mnabishana petroli au dizeli, mnapimana bei za nozo na plagi, sawa, pimeni. Ila muulizeni kwanza mwenye gari anakwenda wapi. Na ukiona ndugu zako wanakuficha jambo, kabla hujawaita wasaliti, jiulize ungelikaa nalo siku ngapi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye yadi ya magari na akiba yangu mwenyewe. Muuzaji akanionyesha kipikapu kidogo cha petroli, rangi imechoka, injini inanong'ona.

"Utakwenda nalo wapi, bosi?"

"Hapa, mpaka pale sokoni."

"Halafu?"

"Halafu nyumbani."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akanipa ufunguo.