Jina Chini ya Rangi

Siku tiketi zilipoanza kuuzwa, ukumbi wa klabu ya tenisi ulifurika watu mpaka milangoni. Kila mmoja alitaka kiti cha fainali, na kila mmoja alidai yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Katikati ya zogo hilo ilisimama ngazi, na juu ya ngazi alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli iliyowahi kuwa nyeupe, akipitisha brashi nyembamba kwenye majina yaliyofifia ya ubao wa mabingwa. Chini yake akatokea dada mmoja, gauni la buluu limepigwa pasi likanyooka, amebeba boksi la makaratasi lililomziba uso. Alirudi kinyumenyume kumpisha mama mwenye watoto. Ngazi ikatikisika, kopo likapinduka, na rangi ya dhahabu ikamtiririka kutoka begani hadi kiunoni.

"Weee, kaka! Umeniona mimi ubao?"

"Samahani, dada yangu. Ila ngazi umeigonga wewe."

"Nimeigonga kwa sababu umeiweka njiani!"

"Imekaa hapa tangu baba yangu ana nywele nyeusi. Ngoja nishuke nikupanguse na tapentaini."

"Unipanguse? Unanijua?"

"Basi tujuane kwanza, halafu nikupanguse."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Dada alijikaza akasirike, akashindwa, akacheka pia. Gauni halikutoka rangi kamwe, na alilivaa hivyo hivyo tena na tena, jambo lililowashangaza wote isipokuwa mwenye ngazi.

Dada huyu alikuwa karani wa kumbukumbu, aliyeajiriwa kuandika kijitabu cha miaka arobaini ya mashindano yale. Kijana aliitwa Fundi, kama baba yake alivyoitwa kabla yake, maana kila bingwa aliyepata kuandikwa pale aliandikwa na mkono wa familia hiyo. Ikawa kila asubuhi karani anakuja na chupa ya chai, anasimama chini ya ubao na daftari lake, naye Fundi anasimulia kutoka juu.

"Mwaka wa kwanza walikuwa wachezaji wanane tu, Mama Historia. Uwanja wa udongo. Mshindi alipewa redio."

"Na wa pili?"

"Redio ilikuwa imeharibika, wakamwongezea baiskeli. Malipo ya kweli yalikuja mwaka wa tisa, na wanawake wakaanza mwaka wa kumi na mbili. Huyu hapa, bingwa wao wa kwanza, alicheza na raketi ya kuazima."

"Wewe haya yote umeyatoa wapi?"

"Nimeyala na uji, mpenzi."

Neno hilo lilimponyoka. Karani aliinamia daftari akaandika kitu ambacho hakikuhusu tenisi hata kidogo.

Siku moja, akipapasa majina kwa kidole, aligusa mwaka wa kumi na sita akahisi vinundu. Chini ya jina lile palikuwa na jina lingine.

Fundi alishuka, akatazama huku na huku. "Hili analijua baba, mama yangu marehemu na mimi. Ukiliandika, utamzika mzee akiwa hai."

"Siliandiki. Niambie."

Akamwambia. Zamani wapiga picha walitaka rangi iwe imekauka bingwa anapoingia ukumbini, kwa hiyo mzee alizoea kuanza kuandika mshindi anapoonekana wazi. Mwaka huo mchezaji mmoja wa mkono wa kushoto, waliyemwita Shoto, alikuwa ameshachukua seti mbili, na ya tatu anaongoza michezo mitano kwa miwili. Mzee akaandika jina lake lote. Mvua ikanyesha. Wachezaji wakaja ukumbini kujikinga, na mpinzani wa Shoto akauona ubao. Alisimama akalisoma jina lile mpaka mvua ikakatika, akarudi uwanjani akacheza kama aliyetukaniwa mama, akashinda. Mzee alikwangua na kupaka upya. Shoto hakurudi tena katika mashindano yoyote.

"Tangu nikabidhiwe brashi," Fundi alisema, "sijaanza herufi hata moja kabla ya pointi ya mwisho."

"Hata kwenye mapenzi?"

Fundi alicheka, akapanda ngazi. Na hapo ndipo penye ugonjwa wake. Alimpenda dada yule mpaka chakula hakipiti, lakini kutamka jambo ambalo hana uhakika nalo kulimtia hofu kuliko kifo.

Wiki moja kabla ya fainali, karani alikuja macho mekundu. Mashindano yalikuwa yameuzwa. Mwaka huu ndio wa mwisho pale. Kuanzia mwakani yatachezwa mji mwingine, mbali, siku mbili za barabara. Ofisi ya kumbukumbu inahama nayo, na karani wake pia.

"Lori linaondoka siku ya fainali, saa kumi jioni. Niambie nibaki, nitabaki."

"Fainali ipite kwanza, laazizi. Tutaona."

"Kila kitu fainali ipite! Mimi ni mtu, Fundi, siyo matokeo!"

Fundi alimshika mkono, kisha akauachia. Karani aliondoka akilia, na Fundi akabaki anasafisha brashi iliyokuwa safi.

Hapo kuna jambo ambalo Fundi hakulijua. Kesho yake mzee alimwita karani nyumbani kwao, akamwonyesha kiti, akamwambia, "Zima hicho kidude cha kurekodi, binti yangu." Kisha akamsimulia yote kuhusu Shoto, neno kwa neno, machozi yakimshuka.

"Liandike."

"Baba, nilimwahidi mwanao."

"Mwanangu analinda aibu yangu, na aibu hiyo inamla yeye. Unadhani sioni? Hawezi kufungua mdomo akuambie anachotaka. Nimemlea mtu anayeogopa kuanza. Liandike, na siku ya fainali nitasimama mbele ya ubao nimwambie mwenyewe kwamba nilikutuma. Usinitangulie kumwambia."

Karani akaandika.

Jumatano mzee alianguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda kombo, na kila alipojaribu kusema ilitoka sauti isiyoshikika. Alhamisi asubuhi, karani hana habari, vijitabu vikafika kutoka kiwandani mapema kuliko ilivyopangwa. Fundi, ambaye hakuwa amelala wala kubadili shati, alipita ukumbini kuchukua vifaa vyake na kukuta watu wamezunguka meza, wanasoma ukurasa mmoja na kuutazama ubao.

"Umefanya nini?" alimuuliza karani, akimwinulia kijitabu. "Uliniambia huandiki!"

"Nisikilize. Muulize baba yako."

Fundi alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. "Baba hawezi kusema tangu jana. Yuko wodini. Unanidhihaki?"

Karani aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Wodini? Mungu wangu. Fundi, sikujua. Yeye ndiye aliyenituma, naapa!"

"Umepata shahidi mzuri. Asiyeweza kusema."

"Fundi..."

"Usinifuate. Na hospitali usikanyage."

Karani alisimama pale na lile gauni lake lenye dhahabu begani, watu wanamtazama. Hakuna kitu kinachochoma kama kusema kweli ukaonekana mwongo na mtu unayempenda. Alipiga simu mara kumi na tatu siku hiyo. Ijumaa akaacha kuhesabu. Simu iliita ikakata, iliita ikakata, mpaka ule mlio ukawa unamfuata hata akiwa anaoga. Alikosa hamu ya kula. Alifunga makaratasi ya miaka arobaini katika maboksi, na kila boksi alilofunga lilimsogeza karibu na safari.

Jumamosi simu ikapokelewa.

"Unataka nini?"

"Mzee anaendeleaje?"

Sauti ya Fundi ikapasuka. "Ananitazama tu. Anafungua mdomo, anahangaika, anatokwa na jasho, kuna kitu anataka kuniambia na sikielewi! Nadhani ananiuliza kwa nini nilikwambia. Unajua nilivyo? Namwosha baba yangu huku namwomba msamaha, naye anatikisa kichwa. Hataki kunisamehe."

"Fundi, hapana. Sivyo. Anatikisa kichwa kwa sababu..."

"Safari njema, Mama Historia."

Ikakatika. Karani aliketi sakafuni katikati ya maboksi akalia kilio cha sauti, hana hata wa kumnyamazisha. Alipochoka, akawaza juu ya mzee. Mdomo umekufa, mkono wa kulia umekufa. Wa kushoto je? Yule mtu aliandika herufi maisha yake yote. Akanyanyuka, akanunua daftari la karatasi nene, rula, kopo dogo la rangi nyeusi na brashi, akaenda hospitali. Katazo alilikumbuka, akasimama nje ya mlango wa wodi, hakuingia.

"Dada nesi, nakuomba. Mpe haya, mkono wa kushoto. Usiseme yametoka kwa nani."

"Mgonjwa wa kiharusi na rangi? Kwenye mashuka yangu?"

"Mashuka nitayafua mwenyewe."

Nesi alimtazama yale macho yaliyovimba, akavipokea.

Jumapili, saa tisa na dakika arobaini. Uwanjani fainali ilikuwa imefika seti ya mwisho na kelele za watu zilitikisa vioo vya ukumbi. Fundi alikuwa juu ya ngazi, mistari ya chaki tayari, brashi mkononi, mstari wa mwaka wa arobaini uko mtupu mbele yake. Katibu wa mashindano, suti ya kijivu na jasho shingoni, alizunguka chini kama kuku anayetaka kutaga.

"Fundi, wapiga picha wa nchi nzima wako hapa. Mwaka wa mwisho huu. Usiniangushe!"

Simu ikaita mfukoni.

"Ni nesi wa wodini. Usishtuke, baba yako hajambo. Ila tangu jana anachorachora, tena akikosea anachana anaanza upya. Leo ndiyo amemaliza, anagonga kitanda nikutumie. Angalia picha."

Fundi alifungua picha. Aliiona mistari kwanza: miwili, ya juu na ya chini, imepigwa kwa rula kama baba yake alivyomfundisha. Kati ya mistari hiyo zilisimama herufi za mkono wa kushoto, zimeyumba, nene hapa na nyembamba pale, lakini kila moja imepewa nafasi yake.

NILIMTUMA MIMI.

Na chini yake, ndogo zaidi: MWAMBIE ABAKI.

"Nesi, vifaa alivipata wapi?"

"Nilikatazwa kusema. Dada mmoja, gauni lina rangi begani. Hakuingia hata ndani, alisema amekatazwa."

Fundi alitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika saba. Alipiga namba ya karani. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata. Sasa alijua ule mlio unavyouma. Nje uwanja ulizizima ghafla, kimya cha watu elfu kadhaa wanaosubiri mtu arushe mpira.

"Pointi ya ubingwa!" katibu alipiga kelele. "Jiandae!"

Fundi aliweka brashi juu ya ngazi, akashuka.

"Unakwenda wapi? Fundi! Dakika moja tu! Jina!"

"Andika wewe."

Alikimbia kupitia jikoni, akapita wafua taulo, akatokea lango la nyuma lori likiwa limeshawashwa na linaanza kupinda kuingia barabarani. Alilipiga bati kwa ngumi zote mbili.

"Simama! Dereva, simama!"

Lori likasimama. Karani alishusha kioo. Uso wake ulikuwa mkavu, wa mtu aliyemaliza machozi, na Fundi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Mechi imeisha?" karani aliuliza.

"Haijaisha. Sijui nani anashinda. Baba ameandika."

Karani alifumba macho. "Ameandika."

"Nimekukosea. Nimekutukana mbele za watu, na wewe umekwenda kumpelekea baba yangu sauti. Sijui utasema nini. Pengine utaniambia niondoke, na nitastahili. Lakini nakupenda, nataka ubaki, nataka nikuoe. Sina uhakika wa lolote, naanza hivyo hivyo."

"Siku tatu, Fundi. Siku tatu nimekuwa napiga simu kama kichaa."

"Najua."

"Hujui! Nilifikia kuongea na ule mlio. Nikauambia, basi wewe niamini."

Fundi aliegemeza paji la uso kwenye mlango wa lori akaanza kulia, mwanaume mzima, ovaroli na yote. Dereva akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Nyuma yao uwanja ukalipuka kwa shangwe. Jina likatangazwa kwenye vipaza sauti, likazamishwa na makelele. Fundi hata hakugeuka. Karani ndiye aliyeona kwamba hakugeuka.

Mlango ukafunguliwa. Mguu mmoja ukashuka, kisha begi, kisha wa pili.

"Jibu silitoi hapa barabarani," alisema, akijipangusa pua kwa kiganja. "Aliyenituma ni mzee. Nitamjibu yeye. Shika begi."

Wodini mzee alikuwa ameegemezwa mito, rangi kidevuni, rangi shukani, nesi amekata tamaa. Karani alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono wa kushoto.

"Baba, mwanao ameanza herufi. Nimemkubali."

Fundi aliangukia miguu ya mzee akiomba radhi, na safari hii mzee alipotikisa kichwa alimwelewa: hakuna la kusamehe. Kisha mzee akavuta daftari, akapiga mistari miwili polepole, akaanza kuandika. Walingoja herufi moja moja.

NANI KASHINDA?

Fundi alifungua mdomo. Akamtazama karani, karani akamtazama yeye. Katika miaka arobaini, ilikuwa mara ya kwanza kwa swali hilo kukosa jibu katika familia ile.

"Sijui, baba," alisema.

Mzee alimkodolea macho. Halafu upande mmoja wa uso wake, ule uliobaki hai, ukaanza kucheka.