Chumvi ya Mfuko Mwekundu

Kila asubuhi, kabla ya chai, fundi friji alisimama mbele ya tangi lake la samaki na kudondosha majini matone ya dawa ya chokaa. Tangi hilo lilikuwa sebuleni, refu kuliko kochi, na alikuwa ameliunda mwenyewe, pamoja na pampu, taa na mashine ya kupoza maji. Ndani yake kulikuwa na matumbawe hai. Matumbawe ni viumbe, si mawe, na hujijengea mifupa kwa chokaa iliyomo kwenye maji ya bahari. Fundi hakuwa na bahari. Alinunua chumvi maalumu, akaichanganya na maji yaliyochujwa, na chokaa ilipopungua akaiongeza kwa matone. Mkewe, aliyekuwa msusi, alipenda kusema kwamba laiti angezaliwa tumbawe, angependwa zaidi.

Binti yao aliitwa Profesa. Alikuwa na jibu la kila swali, hata lile ambalo halijaulizwa. Nyumbani humo alikuwemo pia mdogo wake, mtoto wa mdogo wa kike wa msusi, ambaye mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya mbali. Mtoto huyo alikuwa mkimya sana. Siku ya kwanza tu Profesa alimpachika jina la Redio. "Redio iliyoishiwa betri," alisema, watu wazima wakacheka, na jina likaganda.

Msusi naye alimpokea kwa masharti. "Hapa unakaa kwa adabu," alimwambia. "Ukituletea balaa, utakwenda kwa mjomba wako." Mjomba alikuwa na gereji ya magari mabovu, na aliamini kwamba shule ni ya watoto wenye baba; Redio hakuwa naye. Mtoto wa mwisho aliyemchukua kumlea alishinda akiosha vyuma kwa petroli mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Redio aliyajua hayo yote. Ndiyo maana alitembea ndani ya nyumba ile taratibu, akiogopa hata kugonga kiti.

Siku moja fundi aliitwa mji mwingine kutengeneza chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama. Kabla ya kuondoka aliwaita watoto wote wawili.

"Chumvi inakaribia kuisha," alisema. "Nendeni kwa mama muuza samaki wa mapambo, mkachukue ile ile, mfuko wa buluu. Ikikosekana, rudini mikono mitupu. Na maji msiyaguse mpaka nirudi. Umenisikia, Profesa?"

"Baba, mimi tena? Nimekuwa nikikuangalia tangu nikiwa mdogo!"

"Sikuuliza umeangalia nini. Nimeuliza, umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa chumba chembamba chenye joto, kikinguruma pampu kila upande. Mwenye duka alikuwa akivua samaki kwa kichujio cha chai.

"Mfuko wa buluu umeisha, mwanangu," alimwambia Profesa. "Njoo wiki ijayo. Nimebaki na huu mweupe, wa tangi la samaki peke yao, na huu mwekundu. Mwekundu ni mkali, una chokaa nyingi. Ni wa watu wasiotumia matone. Baba yako anatumia matone?"

Profesa alikuwa haangalii mwenye duka. Alikuwa anaangalia picha iliyokuwa kwenye mfuko mwekundu, ya tumbawe la zambarau lililonenepa na kuchanua. Akawaza baba akirudi, akikuta matumbawe yake yamekuwa hivyo, akiwaita wageni na kuwaambia kwamba hiyo ni kazi ya binti yake. Isitoshe, chokaa si ndiyo chakula chao? Chakula kingi kitamdhuru nani?

"Hatumii," alidanganya, bila hata kukohoa.

Redio alimvuta mkono wa gauni. "Baba mkubwa alisema tukiikosa turudi."

"Leo betri umeitoa wapi?" Profesa alimuuliza kwa sauti. Mwenye duka akacheka, ingawa hakujua anacheka nini, na akaushusha mfuko mwekundu.

Jioni hiyohiyo Profesa alivunja agizo la pili. Alichanganya ndoo baada ya ndoo na kubadilisha nusu nzima ya maji, wakati baba yake hubadilisha kidogokidogo. Kazi ya kubeba alimwachia Redio.

"Tuliambiwa tusiyaguse," Redio alinong'ona.

"Nani kakuuliza? Beba."

Msusi alipita, akamwona Redio ameinama na ndoo. "Ukimwaga maji kwenye zulia langu utanitambua," alisema, akaenda zake. Asubuhi yake Profesa aliweka matone ya chokaa kama kawaida. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshanogewa, akaongeza mengine.

Kufikia mchana maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Chokaa ya chumvi ilikuwa imekutana na chokaa ya matone, na maji yakashindwa kuibeba. Ilianguka kama unga juu ya kila kitu. Matumbawe yalijifunga. Kesho yake lile kubwa la katikati, ambalo fundi alilianza likiwa dogo kama ukucha, lilianza kuchunika. Ngozi ilitoka vipande vipande, ikaelea, na samaki wakaila. Kamba mdogo mwekundu alilala chali akirusharusha miguu muda mrefu sana. Baadaye samaki nao wakapanda juu, midomo wazi, wakihema. Harufu ikaanza kujaa sebule.

Redio alikuwa analia. "Tumpigie baba mkubwa simu. Labda kuna la kufanya."

"Ukithubutu!" Profesa alisema. Kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. Kilikuwa kinatafuta mtu.

Fundi aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Hakusalimia mtu. Alipiga magoti, akazamisha mkono majini, akatoa kipande cha tumbawe kilichobaki mfupa mtupu.

"Nani?"

"Redio," alisema Profesa, haraka kupita kiasi. "Aling'ang'ania mfuko mwekundu, mimi nikamwambia tusubiri. Halafu akabadilisha maji nikiwa najisomea."

"Mimi mwenyewe nilimwona na ndoo," msusi akaongezea, na hilo lilikuwa kweli.

"Baba mkubwa, mimi..."

"Funga mdomo!" Fundi alinguruma. "Muda wote huu husemi, leo ndiyo umepata maneno? Nimekulisha, nimekulaza, na hivi ndivyo unavyonilipa? Ondoka mbele yangu."

Hakumuuliza hata swali moja. Alikuwa na uchungu, na mtoto wa kumtupia uchungu huo alikuwa amesimama pale, hana mtetezi. Msusi alimpigia simu mjomba palepale. Mjomba alisema atakuja Jumamosi na pikapu, na kwamba kuna vyuma vingi vinamngoja.

Profesa angeweza kunyamaza hapo. Lakini mwongo akishaaminiwa hupata utamu. Shuleni alisimulia jinsi Redio alivyoua tangi zima, na watoto wakazua mchezo wao. Kila Redio alipopita, walitoa macho, wakapanua midomo na kuhema kama samaki wanaokufa. Walimfanyia darasani, walimfanyia bombani, walimfanyia mpaka getini. Profesa alicheka pamoja nao. Usiku hakulala vizuri, lakini alicheka.

Ijumaa msusi alikaa chumbani kwa watoto akipanga nguo za Redio kwenye mfuko wa plastiki. Akafika kwenye sweta ya shule. Ilikuwa nzuri, nzito, mpya kuliko ya Profesa, iliyonunuliwa kubwa ili idumu.

"Hii ya nini huko?" alisema. "Gereji hawavai sweta za shule. Profesa, njoo uijaribu."

Profesa aliivaa. Ilimtosha vizuri. Msusi alimgeuza, akamkagua mabega, akapindua ukosi. Ndani ya ukosi kulikuwa na jina, lile la kweli, si Redio, lililoshonwa kwa uzi wa kijani. Mama yake Redio alikuwa amelishona siku chache kabla ya kulazwa, herufi moja imepinda kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza kumsumbua.

"Fumua hilo," msusi alisema, akampa Profesa wembe wa saluni. "Utavaaje jina la mtu?"

Profesa aliivua, akaiweka mapajani, akakata uzi wa herufi ya kwanza. Alipoinua macho, Redio alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia wala hakumtukana.

"Polepole na wembe," alisema tu. "Usikate kitambaa."

Profesa aliona aibu. Aliutupa wembe chini.

"Ni mimi," alisema. "Mama, ni mimi. Mfuko nilichagua mimi. Maji nilibadilisha mimi. Matone niliweka mimi. Yeye alinikataza!" Na akaanza kulia kwa sauti, mpaka fundi akaja mbio kutoka sebuleni.

Ilibidi arudie yote mbele ya baba yake, pamoja na uongo wa dukani. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimpigia mjomba simu, akamwambia asije. Alipoweka simu alikaa kitini, uso wake umenywea.

"Mwanangu," alimwambia mtoto wa shemeji yake, "nisamehe. Sikukuuliza."

"Nilitaka kusema, baba mkubwa."

"Najua. Nilikuziba mdomo, na mama yako mkubwa akanisaidia." Msusi alitazama zulia lake. "Hutoki nyumba hii mpaka mama yako apone aje kukuchukua mwenyewe. Na jina hilo la Redio sitaki kulisikia tena humu."

Profesa hakuchapwa. Aliamriwa kuingiza mikono tangini na kutoa kila tumbawe lililokufa, moja baada ya jingine, huku baba yake akimtajia lilikuwa na umri gani. Uvundo uliganda kwenye vidole vyake, sabuni ikashindwa. Jumatatu alisimama mbele ya darasa na kusema nani aliyeua tangi. Watoto walimsikiliza vizuri sana. Kisha wakatoa macho, wakapanua midomo, wakaanza kuhema, na mara hii mchezo ulikuwa wake.

Mfuko wa buluu ulipopatikana, fundi alibadilisha maji kidogokidogo, akipima chumvi kila mara, na matone akayaacha kwa muda. Samaki wawili walipona. Pembeni mwa jiwe moja kilibaki kipande cha tumbawe kisichozidi ukucha, na siku moja kikachanua.

Jioni hiyo fundi alimwita binti yake mbele ya tangi.

"Kosa la chumvi nimekusamehe," alimwambia. "Mtu anaweza kukosea mfuko. Hata mimi niliua samaki wengi nikijifunza. Ungenipigia simu siku ileile, ningekwambia utoe maji yale, na nusu ya hivi vingekuwa hai. Lakini ulidanganya dukani ili upate sifa, ukadanganya nyumbani ili ukwepe adhabu, na ulikuwa radhi mwenzako akose shule ili wewe ubaki Profesa. Usidhani uongo wako ulikuwa maneno tu. Kuna mtu alikuwa anaulipia kila siku, na ulikuwa unamwona. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, utakuta kuna vitu havirudishiki."

"Nitasema, baba."

"Haya. Nenda ukaombe radhi."

Profesa alikuwa ameishona upya ile herufi ya kwanza, kwa uzi wa kijani alioutafuta mtaa mzima. Aliikunja sweta vizuri, akaipeleka uani, akaitoa kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimesikia," alijibiwa.

Mdogo wake aliipokea, akapindua ukosi, akatazama mshono. Sweta haikuwa chafu; Profesa aliivaa mara moja tu. Hata hivyo alikwenda nayo moja kwa moja mpaka bombani, akaipaka sabuni kotekote, na kuanza kuifua.